Kucheza gemu za PSP kwenye simu bila kuvunja sheria: mwongozo kwa wachezaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Ukipita Kondele, Kisumu, au karibu na stendi ya matatu Nakuru, hukosi kibanda chenye kompyuta moja na bango la kuwekewa nyimbo, filamu na gemu. Unatoa memori kadi, unalipa, unarudishiwa ikiwa imejaa gemu za PSP, ile mashine ndogo ya Sony ya kuchezea gemu mkononi. Zile zilizonakiliwa bila idhini ya wenyewe si halali hata kama umezilipia, kwa sababu uliyemlipa si mwenye haki. Na mara nyingi faili zenyewe ni mbovu: gemu inafunguka, inacheza dakika kumi, inakwama pale pale kila mara.

Kuna njia safi, na haihitaji pesa nyingi. Inahitaji uvumilivu wa jioni moja au mbili.

Kilicho halali na kisicho halali

Emuleta ni programu inayoigiza kazi ya mashine nyingine. Programu yenyewe haina kosa. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliamua kwamba kuichunguza PlayStation ili kuandika programu inayoiigiza kulikuwa matumizi ya haki. Emuleta ya PSP inayotumiwa na wengi ni PPSSPP, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård na kutolewa mara ya kwanza Novemba 2012. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni huria ya GPL. Haiji na gemu ya mtu yeyote, na sehemu za mfumo wa PSP inazozihitaji ziliandikwa upya na watengenezaji wake. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia "BIOS ya PSP", yaani mfumo wa ndani wa mashine hiyo, anakuuzia kitu ambacho PPSSPP haikitumii kabisa.

Swali la sheria liko kwenye faili ya gemu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamruhusu mtu aliye na nakala halali ya programu ya kompyuta ajitengenezee nakala ya akiba. Ruhusa hiyo ina mipaka: nakala ni ya matumizi hayo tu, na umiliki halali ukikoma, nakala nayo iharibiwe. Haisemi kwamba unaweza kupakua nakala ya mtu mwingine kwa sababu wewe pia unayo diski. Sheria hiyohiyo inakataza kuvunja kinga za kiufundi zinazolinda kazi za watu, na hapo ndipo kunakili diski ya PSP kunapogusana na sheria, maana lazima mfumo wa mashine urekebishwe kwanza. Ukitaka njia isiyo na kivuli chochote, cheza gemu ambazo watunzi wake wenyewe wamezitoa bure. Tutaanza na hizo. Ukitaka kunakili diski zako na una shaka, waulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Hiyo ni kazi yao.

Hatua ya 1: Ipime simu yako

PSP ni mashine ndogo kwa vipimo vya leo. Prosesa yake haizidi megahezi 333, na skrini yake ina pikseli 480 kwa 272. Lakini kuigiza ni kazi nzito kuliko kucheza, kwa hiyo simu lazima iwe na nguvu mara nyingi zaidi.

Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, uangalie jina la prosesa na ukubwa wa RAM. Simu yenye Helio G35 ina chipu ya picha ya PowerVR GE8320. Itacheza gemu nyepesi vizuri, ila zile nzito kama God of War zitakuwa zinavutavuta. Simu zenye Helio G85 au Unisoc T606 hutumia chipu za picha za Mali na zinakwenda vizuri zaidi. RAM ya GB 2 inatosha kwa gemu nyepesi ukifunga programu nyingine. GB 4 inakupa nafasi ya kupumua.

Nafasi ya kuhifadhi: diski moja ya PSP hubeba hadi GB 1.8, nyingine chini ya MB 900. Acha GB 6 wazi uanze nazo.

Sasa memori kadi, ambayo ndiyo inawaangusha wengi. Kadi bandia zimejaa madukani: imeandikwa GB 128, simu inaonyesha GB 128, lakini ndani ina uwezo wa GB 8 tu. Ukishapita kiwango chake halisi, inaendelea kupokea faili bila kulalamika huku ikizipoteza. Matokeo yake ni gemu zinazokwama bila sababu, na mtu anailaumu emuleta. Pima kadi kabla ya kuiwekea chochote. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia F3. Programu hizi huijaza kadi nzima kwa data kisha huisoma upya na kulinganisha. Kadi ya GB 64 ya kweli itaonekana kama GB 59 hivi kwenye Windows. Hilo ni la kawaida, ni tofauti ya kuhesabu tu. Ikishindwa kipimo, irudishe dukani siku hiyohiyo ukiwa na risiti.

Hatua ya 2: Sakinisha PPSSPP ya kweli

Kwenye Play Store kuna programu nyingi zinazoiga jina hili. Angalia jina la mtengenezaji: liwe Henrik Rydgård. Ya bure ina nembo ya buluu, na ile iitwayo Gold ina nembo ya dhahabu. Zinafanya kazi sawa kabisa. Gold ni njia ya kumuunga mkono aliyeiandika, na kwa hapa Kenya Google Play inakubali malipo ya M-Pesa. Ukikosa pesa, ya buluu haikupunguzii kitu.

Ukikutana na "Gold ya bure" kwenye kikundi cha WhatsApp au Telegram, iache. PPSSPP haihitaji kusoma SMS zako wala majina kwenye simu yako. Faili yoyote inayoomba ruhusa ya SMS haikuja kukuchezesha gemu, imekuja kufuata jumbe zako za M-Pesa.

Wenye iPhone wanaipata App Store tangu Mei 2024. Masharti ya Apple hayairuhusu itumie mbinu yake ya kasi zaidi ya kutafsiri msimbo, kwa hiyo kwenye iPhone za zamani itakuwa nzito.

Hatua ya 3: Chagua folda vizuri mara ya kwanza

Ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza ihifadhi data wapi. Chagua "Create or choose a PSP folder". Njia nyingine, ya kutumia nafasi ya ndani ya programu, ina hatari moja kubwa: ukiondoa programu, michezo yote uliyohifadhi inafutika pamoja nayo.

Android 11 na zinazofuata hazikuruhusu kuchagua shina la hifadhi wala folda ya Download. Kitufe cha kukubali kitakuwa kimefifia na watu hudhani simu imeharibika. Bonyeza kutengeneza folda mpya, iite PSP, kisha uichague hiyo. PPSSPP itajitengenezea ndani yake GAME, SAVEDATA na PPSSPP_STATE. Wewe ongeza folda moja yako, uiite ISO, ya kuwekea faili za diski.

Hatua ya 4: Anza na gemu za bure

Kuna watu wengi waliotengeneza gemu za PSP wenyewe na kuzigawa bila malipo. PPSSPP ina duka lake la gemu hizo. Nenda kwenye kichupo cha "Homebrew & Demos", utelezeshe hadi chini, ufungue duka. Chagua gemu, bonyeza kusakinisha, rudi nyuma, utaiona kwenye orodha. Hakuna faili ya kuhamisha wala kufungua.

Ianze Cave Story. Mtunzi wake Mjapani aliitoa bure kwa kompyuta mwaka 2004, na baadaye ikaletwa kwenye PSP. Ni gemu kamili ya saa nyingi. Nyingi kati ya gemu hizi ni ndogo kwa ukubwa, kwa hiyo bando la siku linatosha kupakua kadhaa. Gemu hizi pia ni kipimo kizuri: Cave Story ikikwenda bila kukatika halafu nyingine ikakatika, tatizo si programu, ni uzito wa hiyo nyingine au ubovu wa faili yake.

Hatua ya 5: Kunakili diski uliyonayo

Diski za PSP zinaitwa UMD, zile ndogo zilizofungwa ndani ya ganda la plastiki. Kompyuta haina mahali pa kuziingiza. Kinachozisoma ni PSP yenyewe, kwa hiyo unahitaji PSP inayofanya kazi, yako au ya kuazima.

Ukitafuta ya mtumba, iwe Soko la Kibuye siku ya Jumapili au kwa mafundi wa vifaa Nakuru, kagua haya ukiwa papo hapo. PSP Go haina nafasi ya diski, haikufai. Weka UMD na usikilize: inapaswa kuzunguka na jina la gemu kutokea ndani ya sekunde chache, ikikwaruza na kusimama, lenzi ni chafu au imechoka. Geuza mashine uangalie mfuniko wa betri. Ukiwa umeinuka, betri imevimba. Usiichaji, omba ibadilishwe kwanza. Uliza kama kebo ipo. PSP 1000, 2000, 3000 na E1000 hutumia mini-USB, ile nene iliyotumika kwenye kamera za zamani. Kebo ya micro-USB ya simu haiingii.

Ganda la UMD nalo huachana pande mbili na kile kidirisha chake cha wazi kutoka. Ikitokea, usitupe. Lipangilie upya na ulibane taratibu kwa vidole hadi lilie "ka", bila gundi karibu na diski.

Sasa kazi yenyewe:

1. Jaza chaji PSP na uiache kwenye adapta yake. Stima ikikatika katikati ya kusasisha mfumo, mashine inaweza kufa moja kwa moja, kwa hiyo betri nzima ni bima yako.

2. Ipandishe hadi mfumo 6.61, ambao Sony ilitoa mwaka 2015 kama wa mwisho. Kisha weka mfumo uliorekebishwa. ARK-4 ndio unaotunzwa siku hizi na maelekezo yake yanakuja pamoja na faili. Yafuate kwa mpangilio wake, usiruke hatua.

3. Weka UMD. Ukiwa kwenye menyu kuu ya PSP, bonyeza Select. Menyu ndogo itatokea. Tafuta mstari wa "USB Device" na uubadilishe kutoka Memory Stick (kadi ya kumbukumbu ya PSP) kwenda "UMD Disc". Toka.

4. Chomeka kebo kwenye kompyuta, uende Mipangilio ya PSP, uchague Muunganisho wa USB.

5. Kompyuta itaonyesha hifadhi mpya yenye faili moja ya ISO. Ikikuuliza uifomati, kataa. Inakili faili hiyo kwenye kompyuta na usiiguse PSP hadi imalize.

Hatua ya mwisho ni ya polepole. Diski hii husomwa kwa kasi ya juu ya takriban MB 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo UMD iliyojaa haiwezi kumaliza chini ya dakika 20, na mara nyingi inazidi. Ikisimama katikati na kutoa hitilafu, itoe diski, futa uso wake unaoonekana kwenye uwazi wa nyuma ya ganda kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje, ujaribu tena. Nakala iliyokatika usiihifadhi ukidhani itacheza.

Ipe faili jina linaloeleweka, na uandike pia namba ya diski iliyo kwenye ganda, kama vile ULES au ULUS ikifuatwa na tarakimu tano. Folda za SAVEDATA huanza kwa namba hiyohiyo, kwa hiyo utajua mchezo uliohifadhiwa ni wa gemu gani. ULES ni toleo la Ulaya, ULUS ni la Marekani. Mchezo uliohifadhiwa kwenye moja kwa kawaida hausomeki kwenye nyingine.

Hatua ya 6: Ipunguze na uihamishe

Faili ya ISO inaweza kubanwa kuwa CSO kwa programu ya bure ya maxcso. Gemu yenye nafasi nyingi tupu hupungua sana, yenye video nyingi hupungua kidogo. Usiibane kwa kuiweka kwenye ZIP au RAR. Hiyo ni kwa kusafirishia, si kwa kuchezea.

Hamisha kwa kebo, ukichagua Kuhamisha faili kwenye simu, hadi ndani ya folda yako ya ISO. Ukitumia flashi yenye kichwa cha USB-C ni sawa pia. Kisha kwenye PPSSPP fungua kichupo cha "Games", uende kwenye folda hiyo. Bonyeza gemu kwa muda mrefu, na kwenye ukurasa wake kokotoa CRC, ile alama ya ukaguzi wa faili. Ilinganishe na ile iliyoorodheshwa kwa namba ya diski yako kwenye Redump, tovuti inayoweka kumbukumbu za diski halisi. Zikilingana, nakala yako ni kamili. Kumbuka kukagua ISO kabla ya kuibana kama utalinganisha ukiwa kwenye kompyuta.

Hatua ya 7: Mipangilio

Wengi huanza kwa kunakili mipangilio ya mtu wa YouTube mwenye simu tofauti kabisa. Anza na ilivyokuja, cheza dakika tano, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Washa kionyeshi cha kasi ili uone namba badala ya kukisia.

Chini ya Graphics, "Rendering resolution" ndiyo yenye uzito kuliko zote. 1x ni pikseli za PSP yenyewe, 2x ni 960 kwa 544. Simu ya kawaida iache 2x. Ikilemewa, irudishe 1x. Kwenye "Backend", yaani njia ya kuchora picha, jaribu Vulkan kwanza. Kwa simu zenye PowerVR, picha zikichanganyikana au programu ikajifunga, hamia OpenGL na uiwashe upya.

Ikiwa bado ni nzito, weka kuruka fremu 1. "Skip buffer effects" huongeza kasi lakini gemu nyingi hugeuka nyeusi au kukosa vivuli, kwa hiyo iwe ya mwisho. Kasi ya prosesa ya PSP inayoigizwa usiiguse. Kuipandisha hakuiongezei simu yako nguvu, kunaivuruga gemu tu.

Joto nalo ni mpangilio, hasa Kisumu mchana wa Februari. Dalili ni moja: gemu inaanza vizuri, baada ya dakika kumi na tano hivi kasi inashuka yenyewe, ukiizima simu ikapoa inarudi. Simu inajipunguzia nguvu ili isiungue. Vua kava, usicheze ikiwa kwenye chaja, usiiweke juu ya godoro, na toa hali ya kuokoa betri ambayo pia hupunguza kasi. Mtu wa Nakuru mwenye simu hiyohiyo huenda asikutane na hili kabisa.

Kuhifadhi mchezo

Kuna njia mbili, na kuzichanganya kumewaumiza wengi. Kuhifadhi ndani ya gemu, kwa menyu yake, huandika kwenye SAVEDATA. Faili hizo hudumu, na unaweza kuzihamishia kwenye PSP halisi. Kuhifadhi kwa menyu ya PPSSPP huipiga mashine picha pale ilipo na kuiweka PPSSPP_STATE. Ni haraka, lakini programu ikisasishwa picha ya zamani inaweza kukataa kufunguka. Itumie kwa mapumziko ya muda mfupi, kama vile ukishuka matatu, na kila siku hifadhi pia ndani ya gemu. Mara moja kwa wiki nakili folda ya SAVEDATA kwenye flashi. Ni ndogo.

Kucheza wawili

Simu mbili zinaweza kuunganishwa kwenye hotspoti moja bila kutumia bando. Kila mmoja awe na nakala yake halali ya gemu, toleo lilelile. Kwenye mipangilio ya Networking, wote wawashe mtandao. Mmoja awashe seva ya ad hoc (ya kuwaunganisha wachezaji) iliyo ndani ya programu, na mwenzake aandike anwani ya IP ya simu hiyo mahali pa seva. Msipoonana, kagua anwani ya MAC, ile namba inayoitambulisha kila mashine kwenye mtandao: kama data ya PPSSPP ilinakiliwa kutoka simu moja kwenda nyingine, zote zina MAC sawa, na mmoja lazima abadilishe yake.

Ukiiuza diski

Siku unapomuuzia mtu UMD, au kumrudishia mwenyewe aliyokuazima, haki yako ya nakala imeondoka nayo. Futa ISO au CSO kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye flashi ya akiba, na utoe pia kwenye pipa la takataka la simu, kwa sababu programu nyingi za faili hushikilia vilivyofutwa kwa siku 30. Picha za PPSSPP_STATE za gemu hiyo nazo zifute. SAVEDATA ni jasho lako: ibakishe, au umwekee mnunuzi kwenye Memory Stick yake, ndani ya PSP/SAVEDATA, aendelee ulipoachia.